Daftari la Pumzi

Jumamosi, 4 Mei 2024

Upepo tangu alfajiri. Redio inasema kimbunga Hidaya kimeshafika Mafia, boti za Unguja zimezuiwa. Bati la jirani linapigapiga, linanyamaza, linaanza tena. Umeme hakuna. Naandikia tochi ya simu.

Mama yuko chumba cha watoto. Mimi nimekaa koridoni, mgongo ukutani, namsikiliza. Akivuta pumzi kifua kinalia filimbi. Akiitoa, inakokota, inakokota, halafu kimya. Halafu anavuta tena. Kwenye kile kimya, mimi ndiye ninayebana pumzi.

Mwalimu wangu wa yoga anasema ukijikuta umeibana, iachie tu, usijigombeze. Nimeiachia. Mabega yakashuka. Kumbe na meno nilikuwa nimeyauma. Nikayaachia na hayo. Nyayo kwenye saruji, baridi. Kwa kitambo nilikuwa hapahapa koridoni, na upepo, na mama yangu mzima nyuma ya ukuta. Sikuwa Rufiji kwenye nyumba yake iliyojaa tope la mafuriko. Sikuwa leba, kazini. Sikuwa kliniki nikisubiri kuitwa jina.

Halafu mawazo yakarudi yote kwa mkupuo. Nikavuta tena.

Jumatano, 8 Mei

Runinga ya wodini mchana: Rais kazindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, 2024 hadi 2034. Ifikapo mwisho wake, asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Wenzangu wakaanza kubishana bei ya mtungi. Mimi nilimwona Mama. Banda la makuti, mafiga matatu, macho mekundu, kainama anapuliza, mtoto mgongoni. Mtoto mwenyewe mimi.

Kwenye kliniki ya kifua daktari alimuuliza, "Mama, uliwahi kuvuta sigara?" Alivyomtazama! Sigara! Yeye! Hajawahi hata kuishika. Daktari akaandika, akauliza tena, safari hii kwa upole: "Unapikia nini?" Kuni, baba. Tangu lini? Mama akacheka, akaanza kukohoa, hakujibu. Tangu lini ni swali gani kwa mwanamke wa Rufiji.

Wamempa pampu ya kuvuta na zoezi. Avute kwa pua, hesabu mbili. Atoe kwa midomo iliyobanwa, hesabu nne, kama anayepoza uji wa mtoto. Hewa ikitoka hivyo, polepole na kwa msukumo mdogo, vile vijinjia vya ndani ya mapafu havijifungi mapema, na ile hewa chakavu inayonasa kifuani inapata pa kutokea. Nilijua hili darasani. Sikuwa nimewahi kulijua kwa mama yangu.

Amefanya mara tatu kwenye daladala tukirudi. Mara ya nne konda akampigia kelele mtu, akasahau hesabu.

Jumapili, 12 Mei

Siku ya Wauguzi. Simu imejaa picha za mishumaa. Mimi nimekwenda Upanga, kwenye yoga.

Mwalimu mwenyewe mama wa Kihindi, mzaliwa wa Tanga, Kiswahili chake kimenyooka kunizidi. "Shikamoo, Mwalimu." "Marahaba, mwanangu, vua ndala, njoo." Tulikuwa wachache kwa sababu ya mvua. Leo katufundisha kusimama. Ndiyo, kusimama. Wanauita mlima. Kisigino, shina la dole gumba, shina la kidole kidogo, vyote viguse chini, uzito ugawane. Magoti yasifungwe. Kidevu kisitangulie.

Mguu wangu wa kushoto unabeba kila kitu. Ni zile zamu, kuegemea kitanda upande mmoja, mkono wa kulia ukifanya kazi. Mwili umeshika umbo la leba na mimi sina habari. Nilipohamisha uzito ukaenda kulia, kitu kikavuta kiunoni hadi nikataka kulia. Mwalimu akaja, akaweka kiganja mgongoni, chini kabisa. "Pumulia hapa." Unapumuliaje mgongo? Lakini mbavu za nyuma zilifunguka, nilizisikia. Kiwambo kikishuka kinasukuma pande zote, hata nyuma. Kila mtu anafikiri pumzi ni ya kifua cha mbele.

Nikamuuliza lile swali. La dini. Nimelibeba muda. Mwaka 2008 baraza la fatwa la Malaysia liliwakataza Waislamu yoga, sababu ya zile nyimbo na yale maneno ya ibada. Hakukasirika. Alisema, "Mungu wangu nasali kwake nyumbani. Hapa nafundisha mgongo na pumzi. Wewe dhikiri yako, idhikiri kimoyomoyo." Sitaki kujidanganya kwamba yoga haina asili. Inayo. Patanjali aliipanga katika hatua nane, pumzi ni ya nne, na mwisho wa safari ile ni jambo la kiroho kabisa. Mimi nachukua kusimama, kuinama na kupumua. Nyimbo siimbi. Nimemwambia hivyo, akatikisa kichwa ile ya Kihindi, ya ndiyo.

Jumatano, 15 Mei. Saa tisa usiku

Leba imetulia. Nadra. Mmoja yuko sentimita nne, kalala. Mwenzangu anajaza vitabu.

Mwalimu alitaja kwamba vitabu vya kale vya India vinasema mtu hupumua mara 21,600 usiku na mchana. Nimegawa sasa hivi nyuma ya karatasi. Siku ina dakika 1,440. Inakuja 15 kwa dakika. Sisi chuoni tulifundishwa mtu mzima aliyetulia ni 12 hadi 20. Nimeiangalia ile 15 mpaka nikatabasamu peke yangu. Mtu fulani zamani kabisa, hana saa ya ukutani, kakaa akajisikiliza.

Mtoto mchanga ni 30 hadi 60. Anaanza duniani kwa haraka.

Mama jana usiku, 26. Nilihesabu alipokuwa usingizini, mkono juu ya blanketi. Leo nimemwachia dada yangu simu iwe na chaji.

Mwanamke wa kitanda cha tatu kageuka. Naenda.

(Baadaye.) Sentimita nane tayari. Mzazi wa kwanza, binti mdogo, kaja na shangazi yake aliyeachwa getini. Uchungu ukija alikuwa anakakamaa kuanzia paji la uso hadi vidole vya miguu, anabana pumzi, anazama. "Sista, nakufa." Hufi, mama. Nitazame. Nikatoa pumzi yangu kwa sauti, ndefu, aisikie. Akaidaka. Tukatoa pamoja. Miaka yote nimesema "vuta pumzi, vuta pumzi" kwa mazoea, macho kwenye chati, mdomo unaongea wenyewe. Usiku huu nilivuta naye. Uchungu ukaja, ukapanda, ukashuka. Ukaja mwingine. Alipofika mwisho na kichwa kinaonekana, nikamwambia asisukume, ahemeheme, haahaahaa, na alihemahema huku kanikazia macho kana kwamba hakuna mtu mwingine Dar es Salaam.

Wa kike. Kilo tatu na kidogo. Hakuchanika.

Shangazi nilimpa habari getini. Akapiga kigelegele mbele ya askari.

Jumapili, 19 Mei

Nimemtisha Mama.

Mwisho wa mazoezi unalala chali, mikono pembeni, viganja juu, unaacha mwili wote uende. Mkao huo wanauita jina baya: maiti. Nilitandika mkeka ukumbini baada ya zamu, nikajifunika kanga maana sakafu ni baridi, nikafumba macho. Nikasikia "Innalillahi!" na birika likianguka.

Alikaa kwenye kochi akihema, filimbi imepanda, mkono kifuani. Nikapiga magoti mbele yake. Midomo, Mama. Mbili ndani. Nne nje. Hakuweza nne. Akaweza mbili. Akaweza tatu. Nikampa pampu. Tukakaa hivyo hadi rangi ya midomo ikarudi.

Kisha akasema, "Mkeka, kanga, chali. Usilale hivyo nyumba yenye mgonjwa." Ana haki. Mtu wa kwetu hawezi kuona umbo lile akaona mapumziko. Sasa nalala ubavu wa kulia, kiganja chini ya shavu, kama alivyotulaza utotoni. Mwili unaachia vilevile. Na yeye akipita haogopi.

Jumatatu, 27 Mei

Semina. Afya ya akili kazini. Mwezeshaji kijana, msafi, projekta. Katufumbisha macho wote, katupumuisha, na kwa kweli ilikuwa nzuri, wenzangu wawili walisinzia na nadhani walihitaji. Lakini baadaye akasema msongo hauko kazini, uko ndani yetu, tukijifunza kupumua tutaona kazi imekuwa nyepesi.

Nilinyanyua mkono. Nilisema napumua hivi kila siku, naiamini, na ndiyo maana nasema: pumzi haijazi nafasi ya mkunga wa tatu. Wakunga wawili, vitanda vimejaa, mmoja anavuja damu na mwingine anasukuma. Pumzi inanisaidia niwe na yule niliye naye. Yule nisiye naye bado yuko peke yake.

Chumba kimya. Kisha kina dada wa nyuma wakapiga makofi.

Nimerudi nyumbani moyo unaenda mbio, siyo kwa hofu. Nimemuudhi labda. Lakini siwezi kukubali kitu ninachokipenda kigeuzwe blanketi la kufunikia upungufu. Anayetaka nitulie aniletee kwanza mtu wa kushika upande wa pili wa kitanda.

Nimetembea Rangi Tatu hadi nyumbani kwa makusudi. Vibanda vya chipsi, vumbi, muziki kutoka pande zote. Hatua nne navuta, hatua sita natoa. Kwenye kona ya msikiti hasira ilikuwa imebaki, ila sikuwa naisukuma tena. Tuliingia nayo ndani.

Jumapili, 2 Juni

Mwalimu kaniambia habari ya Iyengar leo, baada ya kumweleza kuhusu Mama. Alizaliwa 1918, homa kubwa ya mafua ikiwa inaua dunia nzima, na mama yake alikuwa anaumwa nayo. Utoto wake malaria, taifodi, kifua kikuu. Mwembamba, kichwa kizito, hakuna aliyemtegemea kuishi. Akaanza yoga kwa shemeji yake kule Mysore. Akaishi miaka 95. Kitabu chake cha 1966 ndicho kilichosambaza haya mazoezi duniani kote. Na kwa kuwa alijua mwili mgonjwa, aliingiza viti, mikanda, matofali ya mbao, ili asiyeweza aweze.

Basi nikarudi na wazo la kiti.

Lakini Mama alikuwa ameshanitangulia. Nimemkuta uani kwenye mbuzi, anakuna nazi. Amekaa chini, kainama mbele kidogo, viwiko juu ya magoti. Nikasimama nikamwangalia. Huo ndio mkao tunaowaweka wagonjwa wa kifua wanapobanwa! Mikono ikiegemea, misuli ya mabega inaachiwa isaidie mbavu, kiwambo kinapata nafasi. Pumzi yake ilikuwa nzuri kuliko kitandani. Na alikuwa anavumisha kitu puani, mmmm, mmmm, wimbo wa unyagoni nadhani, hataki kunitajia. Pumzi ya nyuki anaiita Mwalimu hiyo, ya kuvumisha, inarefusha kutoa bila mtu kuhesabu.

"Unaangalia nini?" Nakuangalia wewe, Mama. "Chukua kifuu hicho, acha kushangaa."

Nikachukua. Tukakuna zote mbili. Sikufikiria chochote. Wali umekuwa mzuri sana.

Jumamosi, 8 Juni. Asubuhi, sijalala

Niandike kabla sijalala.

Saa kumi kasoro. Mtoto katoka kimya. Mlegevu, rangi mbaya. Kitambaa, kumkausha, kumsugua mgongo. Kimya. Kusafisha njia, sugua tena. Kimya. Kitovu, meza, ambu.

Dakika ya dhahabu, ile ya kwanza. Tulifundishwa kwa yule mwanasesere wa kujazwa maji, uzito wa mtoto kabisa, kichwa kinalegea mkononi kama cha kweli, na mkufunzi akatusomea matokeo ya hospitali nane za hapahapa Tanzania yaliyochapishwa 2013: vifo vya vichanga katika saa 24 za mwanzo vilipungua kwa asilimia 47. Mafunzo tu na kibonyezo cha mkono. Tuliandika namba ile kwenye daftari.

Namba haikuwa mle chumbani usiku. Kulikuwa na uso mdogo, barakoa, kidevu nimekiweka sawa, kifua nakitazama. Bonyeza, mbili, tatu. Bonyeza, mbili, tatu. Mara 40 kwa dakika, ndiyo mwendo. Kifua kikapanda. Kinapanda! Vidole vya mwenzangu kwenye kitovu: mapigo yapo, yanaongezeka. Bonyeza, mbili, tatu. Mama mtu anauliza "mbona halii, mbona halii", na nilimsikia, na nilimjibu kwa sauti yangu ya kawaida, "Tunampumulisha, mama, moyo wake unapiga."

Katika dakika ile sikuwa na jana. Mawazo hayakuja, wala sikuyafukuza. Mkono, kifua, hesabu. Halafu akakunja uso. Akakwaruza koo. Akalia kwa kukasirika, sauti nyembamba, na chumba chote kikashusha pumzi.

Baada ya kumkabidhi nilikwenda chumba cha kuoshea vifaa nikashika sinki. Magoti yakatetemeka. Nikatoa pumzi ndefu, ndefu, mpaka mwisho, nikangoja, ikaingia yenyewe. Nikatoa tena. Ukivuta moyo unaongeza kasi kidogo, ukitoa unapunguza, ni ile neva ya vagasi inayoshuka kutoka kichwani hadi moyoni na tumboni. Kwa hiyo anayetoa kwa muda mrefu anaupa moyo muda mrefu wa kupungua. Najua inavyofanya kazi na bado nilishangaa kuiona ikifanya kazi kwangu, nimeshika sinki la chuma, maji yanadondoka.

Nilimwomba Mungu amweke. Nalala sasa.

Jumanne, 11 Juni

Mtoto wa Jumamosi ananyonya. Kaniuma kidole.

Kitabu alichoniazima Mwalimu, cha yule mtawa wa Vietnam, Thich Nhat Hanh. Nilifikiri kitakuwa cha watu wenye nafasi, bustani, kengele, kimya. Kumbe kilianza kama barua ndefu, 1974, kwa mfanyakazi wa shule ya vijana wahudumu wa jamii, nchi ikiwa vitani, vijana wanaojenga upya vijiji vilivyobomolewa na kuuawa kazini. Kwa hao ndio aliandika habari ya pumzi. Kwa watu wenye mikono iliyojaa.

Kanigusa sana kwenye vyombo. Kwamba mtu aoshe vyombo kwa ajili ya kuosha vyombo, asivikimbilie ili vimalizike. Usiku nilikuwa na sufuria la ugali limegandia. Nikaosha. Maji, steelwire, ukoko unaachia, harufu ya mahindi. Mara mbili nilijikuta niko kwenye ripoti ya mwezi. Nikarudi kwenye ukoko.

Mtoto wa dada akaja, "Mama mkubwa, mbona unaosha polepole?" Akapanda kigoda akaanza kusuuza. Akamwaga nusu ya ndoo.

Jumatatu, 17 Juni

Idi. Nimepata likizo ya siku, Alhamdulillah. Nyumba imejaa, viatu hadi barazani. Pilau la dada. Mama kavaa gauni la kijani, kakaa kitini katikati ya wajukuu, anawasimulia kiboko aliyeingia shamba la mpunga. Alipofika pale anapokimbia alicheka hadi akakohoa, na kila mtu akanigeukia mimi.

Sikuinuka. Nilimwangalia. Aliweka mkono kifuani, akabana midomo mwenyewe, akapuliza. Tena. Mdogo kabisa wa wajukuu akambania midomo naye, akapuliza. Wote wakapuliza, watoto saba na bibi yao, fyuuu, fyuuu, wakaanza kucheka upya, na yeye hakukohoa.

Nimekuwa nikiishi miezi hii kana kwamba ameshaondoka. Leo alikuwepo. Na mimi nilikuwepo.

Mafuta ya pilau bado kwenye vidole hata sasa.

Ijumaa, 21 Juni

Siku ya Yoga Duniani. Umoja wa Mataifa uliipitisha Desemba 2014, ikaadhimishwa mara ya kwanza 2015. Wamechagua leo kwa kuwa huko Kaskazini ni siku yenye mchana mrefu kuliko zote. Kwetu huku chini ya Ikweta ndiyo fupi. Mwalimu kaniambia kulikuwa na watu wengi, mikeka nyasini, mabalozi, watoto wa shule. Nilikuwa zamu ya mchana.

Mkeka wangu ulikuwa mlango wa wodi. Nimejizoeza: kabla ya kusukuma mlango, pumzi moja nzima, kiganja juu ya bati la mlango, baridi yake. Ndani hadi chini, nje hadi mwisho. Halafu nasukuma. Hakuna anayejua. Nikiingia nimeingia.

Leo mmoja alikuwa amempoteza mtoto. Mimba ya miezi minane. Nilikaa naye. Hapo hakuna mbinu wala sikutafuta. Alishika mkono wangu akapumua kwa kukatikakatika na mimi nikapumua taratibu pembeni yake, simwambii afanye hivyo, sikumwambia chochote. Muda mrefu. Kitanda kingine kikaita, mwenzangu akaenda badala yangu, Mungu amlipe.

Jumapili, 30 Juni

Anataka kurudi Rufiji.

Kaniambia asubuhi, akichambua mchele, macho kwenye ungo. Maji yameshuka, kaka kaandika kwamba kuta zimesimama, na yeye hawezi kukaa hapa Mbagala hadi mwisho wa dunia akisikiliza redio ya jirani. "Kifua kimepungua, mwanangu." Kimepungua kweli. Jana nilihesabu 20. Lakini banda la kuni liko kulekule.

Hasira ilinipanda hapohapo. Niliisikia inakuja, joto la shingo, taya, na ile sauti yangu ya wodini ikijiandaa. Nikahisi nyayo. Nikatoa pumzi. Nikaona mikono yake kwenye ungo, inapepeta, inatoa chuya, haina haraka. Nikauliza, "Mama, unaogopa nini ukiwa hapa?" Alinyamaza kitambo. Akasema anaogopa kufia kwenye nyumba ambayo hakuijenga.

Sikuwa na jibu. Nilivuta ungo wa pili nikakaa. Tumechambua wote. Angekuja kunieleza hili nikiwa naandaa hotuba kichwani, nisingelisikia.

Nina hofu hadi sasa. Pumzi haijaiondoa.

Jumatano, 3 Julai

Nimenunua jiko la gesi, mtungi wa kilo 6, Kariakoo. Kijana akanionyesha kuwasha mara kumi na Mama akamwambia baba, nimeshaona, mimi si mtoto.

Nimebandika karatasi kwa herufi kubwa: PUA MBILI, MIDOMO NNE. PAMPU ASUBUHI NA JIONI. UKIBANWA, KAA KAMA KWENYE MBUZI. Kasema ondoa hiyo ya mbuzi, watu watacheka. Nimeiacha.

Jumapili, 7 Julai

Saba Saba. Basi la saa kumi na mbili na nusu. Nimemsindikiza hadi kituoni, nimemfunga kitenge kifuani kwa ajili ya upepo wa dirishani. Alinishika shavu. "Na wewe upumue." Basi.

Basi lilipoondoka sikutoa simu. Nilisimama. Kisigino, dole gumba, kidole kidogo. Nililia na watu wakapita, muuza karanga akanizunguka. Nililia mpaka kilio kikatulia chenyewe.

Jumapili, 14 Julai

Mama kapiga. Sauti nzuri, upepo nyuma yake, kuku.

Gesi anapikia chai tu. Kunde bado kuni, "gesi itaisha, mwanangu, na mtungi unajazwa Ikwiriri mjini, nani anapanda bodaboda na mtungi?" Nilikuwa nimesimama koridoni, na lile joto la shingoni likaanza kupanda. Nilimsikiliza kwanza. Anapumua vizuri? Katembea hadi shamba, kapumzika mara mbili njiani, kabana midomo kama tulivyofanya. Wanawake wawili wa jirani wamemuuliza anapuliza nini, kawafundisha, nao vifua vyao ni vilevile, wote wamepika kwenye mabanda yaleyale.

Nikamwambia: kunde upikie nje, Mama, siyo bandani. Kasema mvua. Nikamwambia basi banda litobolewe. Kasema la nani, la kwangu? La kwako, ndiyo.

Nimempigia kaka hapohapo. Avunje ukuta wote wa nyuma wa banda, juu yabaki makuti, chini nguzo tupu, moshi upite. Na Jumamosi za mwisho wa mwezi apeleke mtungi mjini, hela natuma mimi. Kwanza alinung'unika. Nikampa namba, pumzi 26 na pumzi 20, nikamwambia hizo ni za nani na za lini. Akanyamaza. Akasema ataanza Alhamisi, ana msumeno wa kuazima.

Nampigia Jumatano jioni, asije akasahau msumeno.